'Sori': Pole au Samahani?

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika mazungumzo yetu ya kila siku, 'sorry' ni moja tunalolitumia bila kulichungua. Chimbuko lake ni neno la Kiingereza cha kale, 'sarig', lililomweleza mtu mwenye uchungu moyoni. Katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, uliochapishwa mwaka 1969, Mtawala anayesikiliza kesi anamwonea huruma Antonio kwa neno hilohilo, ilhali hakumkosea lolote. Mtafsiri ambaye angeandika 'samahani' mahali pale angemgeuza hakimu kuwa mkosaji.

Waingereza wa leo hulitumia kwa kufariji, kwa kukiri kosa, kwa kupita penye watu, hata kwa kumtaka msemaji arudie alilosema. Hatuwalaumu; sauti na hali huwafafanulia. Lakini Kiswahili kimezigawa kazi hizo kwa uangalifu mkubwa. 'Pole', ndugu yake 'upole', hupewa mfiwa, mgonjwa, msafiri, hata mtu aliye shambani na jembe lake, na anayeitoa hakiri hatia yoyote. Ndiyo maana mgeni aliyejikwaa njiani, akipewa pole na wapita njia, hushangaa na kuwaambia kuwa si kosa lao! 'Samahani' na 'niwie radhi' ni habari nyingine. Hizo husema nimekosa, kisha humwachia aliyekosewa uamuzi wa kusamehe au kukataa.

'Sori' yetu ya mjini haifariji wala haikiri. Katika ofisi moja ya umma tulipata kumwona bibi mmoja aliyekuja kwa mara nyingine kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Karani, pasipo kuinua macho, akamwambia: "Sori bibi, faili halionekani."

Bibi hakuondoka. Akauliza taratibu: "Mjukuu wangu, wanipa pole au waniomba radhi? Kama ni pole, nimeshapoa. Kama ni radhi, niambie nani kalipoteza."

Karani akainua macho. Jibu lilichukua muda kumtoka, kwa kuwa sasa lilimtaka amtaje aliyekosa.