Kuteleza si Kuanguka

Msomaji, huenda ukashangaa kuona mchezo wa televisheni ukihakikiwa katika kitabu cha insha. Lakini kila kazi iliyobuniwa na akili ya binadamu yastahili kupimwa kwa haki. Leo tuutazame mchezo uitwao Wipeout 2097, uliotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Psygnosis ya Liverpool, Uingereza, kwa mashine ya PlayStation.

Niliukuta mjini Bungoma nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, katika chumba kidogo karibu na soko, ambamo tulilipa shilingi chache ili tucheze kwa zamu. Unahusu mashindano ya mbio ya mwaka 2097. Vyombo vyake havina magurudumu, bali huelea juu ya ardhi na kukimbia kwa kasi ya ajabu. Kila chombo kina breki mbili za hewa, ya kushoto na ya kulia. Kwenye kona, dereva hukaza ile ya upande anaotaka kuelekea.

Mchezo huu ni wa pili. Wa kwanza, ulioitwa Wipeout, ulitoka mwaka 1995, nao ulikuwa mkali mno: ukigusa ukuta, chombo kilikaribia kusimama kabisa, na wenzako wakakupita. Aghalabu mgeni alikata tamaa kabla hajajifunza. Watengenezaji wangeweza kuongeza rangi na kelele tu, kisha wauite mpya. Badala yake waliitafuta kasoro, wakairekebisha. Katika mchezo wa pili, anayegusa ukuta hupunguziwa mwendo, lakini huendelea.

Je, waliufanya rahisi? Hata kidogo. Waliweka ngao ya nguvu inayopungua kwa mapigo. Ikiisha, pigo moja zaidi laweza kukutoa mashindanoni. Kando ya njia kuu kuna njia ndogo ya kuongezea nguvu, ila anayeipita hupoteza wakati. Basi dereva hana budi kuamua: aendelee na hatari, au ajitengeneze na kuachwa nyuma?

Hapo ndipo ulipo ubora wake. Kosa halisamehewi bure, wala halimwangamizi mtu mara moja. Nilipokuwa mwalimu mgeni karibu na Kitale, niliifuta kwa wino mwekundu insha nzima ya mwanafunzi kwa sababu ya makosa ya sarufi. Hakuniandikia nyingine muhula ule wote. Nilikuwa nimemjengea ukuta wa mchezo wa kwanza. Siku hizi alama napunguza, lakini daftari namrudishia mwenyewe, aandike tena.

Hata hivyo mchezo huu una upungufu. Njia zake zimewekwa Nepal, Chile, Ujerumani, Ufaransa na kwingineko, wala hakuna hata moja ya Afrika, kana kwamba mwaka 2097 sisi hatutakuwapo.

Basi, msomaji, siku utakaposafiri kutoka Kitale kwenda Bungoma, Mlima Elgon ukiwa upande wako wa kulia, zitazame vizuri kona na miteremko ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Kisha chukua kalamu uichore njia hiyo. Ukikosea, usiichane karatasi; rekebisha, uendelee.