Kuenea si kufaa

Bandugu, kwenye masomo tuliambiwaka: jeni ikibadilika mbio, ni uteuzi asilia njo umeipenda. Mimi nabisha. Angalia HAR1: herufi 118 za ADN, 18 zimebadilika kwa binadamu tangu tuachane na sokwe. Wengi waliona humo siri ya akili yetu. Lakini zote 18 zilitoka A ao T, zikaenda G ao C! Mwaka 2007 Galtier na Duret walikumbusha konversio ya jeni: kromosomu inanakili kipande cha mwenzake, na herufi zisipopatana, seli inapendelea G na C. Hata badiliko lenye kuumiza kidogo linaweza kuenea vile. Sisi wenye kuchagua mbegu, tuulize kwanza: ni faida, ao upendeleo wa kunakili tu?