Adolescence: Kamera Haikatwi, Pumzi Ndiyo Inakatika

Acheni mnachotazama! Nimemaliza sehemu zote nne za Adolescence kwa pamoja na moyo bado unanidunda. Tamthilia hii ya Uingereza iliingia Netflix Machi 13, 2025, na kila sehemu yake imepigwa picha mfululizo, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa hata mara moja. Polisi wanavunja mlango asubuhi na mapema, Jamie Miller, mtoto wa miaka 13 anayeshukiwa kuua, anajikojolea kwa hofu, anapakiwa garini, nasi tumo humo humo naye mpaka kituoni. Hupewi hata nafasi ya kumeza mate!

Najua mashabiki wa tamthilia ya 24 watasema shujaa wake, Jack Bauer, alikwenda na saa tangu 2001. Kweli, na 24 naipenda mpaka leo. Lakini ile hugawa kioo vipande: gaidi huku, Jack kule, bintiye kwingine, na mtazamaji anaiona hatari kabla ya shujaa. Adolescence inakunyima yote hayo. Unaona kilicho mbele ya kamera, basi. Pale Jamie anapopekuliwa mwilini kituoni, kamera haimwelekei mtoto, inabaki kwa baba yake, Eddie. Tunasikia maagizo ya polisi, tunamwona Stephen Graham, anayemwigiza Eddie, akikosa pa kuweka macho, hasemi kitu, na hakuna anayekuja kutuokoa kwa kutupeleka mahali pengine. Sijawahi kubanwa kifua hivyo na tamthilia yoyote, na risasi haijalia hata moja.

Kama hutaki kumaliziwa uhondo, ruka aya hii. Broadchurch ya 2013 ilitufanya tuushuku mji mzima kwa sehemu nane ndipo ikamtaja muuaji, na utamu wake ulikuwa kubahatisha. Graham na Jack Thorne, walioandika Adolescence, wanaweka jibu mezani mwishoni mwa sehemu ya kwanza: picha za kamera ya usalama, wazi kabisa. Tamthilia nyingine ingeishia hapo; hii ndiyo kwanza inaanza, maana sasa tunatafuta sababu, na kila anayeulizwa ana kipande chake tu.

Sehemu ya pili, shuleni, imelegea kidogo. Ila subiri mwisho wake, kamera inapofungwa kwenye droni, ikapaa juu ya mji na kushuka tena chini bila mkato!

Na sehemu ya tatu, jamani! Chumba kimoja, Jamie na mwanasaikolojia wake, anayeigizwa na Erin Doherty, karibu saa nzima. Owen Cooper, anayemwigiza Jamie, hakuwahi kuigiza popote kabla ya kazi hii, na hiyo ndiyo sehemu aliyoanza nayo kupigwa picha. Anacheka, anabembeleza, ghafla anafoka hadi unarudi nyuma kitini. Mwongozaji Philip Barantini hakuwa na pa kuficha kosa: mmoja akiteleza, wote wanaanza upya. Sehemu ya nne tunayoiona ni jaribio la 16.

Kwa mashaka yanayokukaa rohoni, kwangu Adolescence imezipita 24 na Broadchurch zote mbili. Zima simu, kwepa vipande vyake vinavyozagaa mtandaoni, na uanzie pale mlango unapovunjwa.