Walinzi wa Nasaba za Pemba

Anayetafuta ukoo wake wa Pemba huanza kwa wazee, Wete au Micheweni, nao humfikisha kwa babu wa tatu, pengine wa nne. Zaidi ya hapo njia ni ya makaratasi, na hapo ndipo ninapowapongeza wahifadhi wa Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, Unguja.

Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ikawa shamba kuu la karafuu, na watumwa wengi wakapelekwa huko. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 iliwapa nafasi ya kudai uhuru wao mahakamani. Fungua, pale Kilimani, jalada la mirathi la miaka iliyofuata: jina la marehemu, mikarafuu yake, madeni, kisha warithi. Asiye na nasaba ndefu, kama aliyewahi kuwa mtumwa, huenda ameandikwa Mnyasa au Mmanyema, yaani mtu wa asili ya bara, basi. Neno hilo moja humwonyesha mjukuu upande wa kuelekea. Ni kwa nyaraka za namna hii mwanahistoria Elisabeth McMahon aliandika kitabu kizima juu ya Pemba, mwaka 2013.

Kwa upande wa masheikh, tunaye Abdallah Saleh Farsy, aliyekusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi: nani kasoma kwa nani, kamsomesha nani. Bila yeye mengi yangezikwa pamoja na wenyewe.

Unyevu na mchwa wa pwani havina huruma na karatasi. Wanaozipanguza na kuzirudisha mahali pake wanastahili mshahara mzuri na vyumba vikavu.