Mlangilangi wa Chungu na Mkasi wa Novemba

Video ya ndugu yetu wa London na mlangilangi wake wa chungu mmeiona. Karibu na mwisho anapanda kwenye kigoda, anaushika mti kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia analikata shina katikati. Mwezi wa Novemba. Mti aliouotesha mwenyewe kwa mbegu, wenye matawi yote juu na shina tupu chini, ukabaki kigingi. Wanaomtetea wanasema ulikuwa umeshagusa dari. Ni kweli, kuupunguza kulikuwa lazima. Kuukata pale, mwezi ule, kwa namna ile, lilikuwa kosa.

Irudisheni video nyuma kidogo mliangalie tawi la pili kutoka juu, upande wa dirishani. Chini yake, mahali ambapo jani lilianguka zamani na kuacha kovu, vinaning'inia vikonyo vitatu. Kila kimoja kimebeba petali nyembamba za kijani, zimebanana, hazijafikia hata nusu ya kidole. Hayo ni maua. Mlangilangi hauchanui kwenye ncha changa. Huchanua kwenye sehemu ya tawi iliyokwisha komaa, mara nyingi pale pasipo na majani tena. Petali zile zingekaa kijani kwa siku nyingi bila harufu ya maana, kisha zingerefuka, zingegeuka manjano, na usiku nyumba nzima ingenukia. Kila mwanamke wa pwani aliyewahi kusuka kikuba anajua ninachosema. Vyote viliingia kwenye ndoo pamoja na matawi, na mwenyewe hakuvitaja.

Halafu huo msimu. Unguja mchana ni wa saa kumi na mbili, ukizidi au kupungua ni kwa dakika tu. London, wiki ya Krismasi, haufiki saa nane, na jua linapita chini, nyuma ya mapaa ya jirani. Mti usio na jani hata moja huishi kwa akiba ya shina na mizizi hadi uchipue, na kuchipua kunataka nuru na joto. Taa ya kukuzia mimea anayo, tena nzuri, lakini ameiacha ileile karibu na dari, huku kigingi kiko chini kabisa.

Wakati huohuo majani ndiyo yaliyokuwa yanavuta maji kutoka chunguni. Yakiondoka yote kwa mpigo, udongo unabaki na maji wiki nzima, mizizi inakosa hewa, inaoza. Naye akaumwagilia palepale, eti upone. Nimeandika juu ya hili hadi wahariri wangu wamechoka: mti wa chungu haumwagiliwi kwa kalenda wala kwa huruma. Ingiza kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu, weka birika chini.

Udongo wake ni mwepesi, chungu kina matundu, maji ni ya mvua. Vizuri.

Tatizo la urefu wala si jipya. Mlangilangi ukiachwa hupita mita 15, na maua yake huchumwa kwa mkono, alfajiri. Wakulima wa zamani wa Nzuani na Maore waliukata ncha ungali mchanga, ukiwa na mita mbili hivi, kisha wakayavuta matawi chini na kuyafunga yakue kwa ulalo. Miti ya mashamba yale imepindapinda, mifupi, na mchumaji hulifikia kila ua akiwa amesimama ardhini. Ncha iliyosimama hushusha homoni ya oksini inayozuia macho ya pembeni yasiamke. Tawi likilazwa, kizuizi hicho kinalegea, na macho huchipua mgongoni mwa tawi zima. Ndugu yetu alikuwa na miaka ya kulifanya hilo kwa uzi tu. Alingoja dari.

Wengine wamesema London haina jua, maua yasingefunguka hata hivyo. Lakini mwaka 1849, huko Ealing, magharibi mwa London, Bibi Louisa Lawrence aliuchanuisha Amherstia nobilis, mti wa Burma, kabla ya mtu mwingine yeyote Uingereza. Duke wa Devonshire alikuwa na mti wa aina hiyo huko Chatsworth tangu 1837, akingoja uchanue. Taa za kukuzia mimea hazikuwapo.

Lawama nyingine ni ya wauza mbegu na miche, na hii sitaacha kuirudia. Uko mlangilangi mfupi, fruticosa, wa mita mbili hivi, wenye petali nyingi zilizojikunja, unaochanua ungali mdogo. Huo ndio wa sebuleni. Wanauza wowote kwa jina moja, na mnunuzi anakuja kujua mti ukishafika darini.

Kigingi bado kinaweza kupona. Akwaruze gome kwa ukucha; pakiwa kijani, kuna uhai. Ashushe taa, aache udongo ukauke hadi nusu ya chungu, asitie mbolea, na chumba kisishuke chini ya nyuzi 18. Machi vikichomoza vichipukizi, abakize vitatu, avifunge kwa uzi kwenye ukingo wa chungu na kuvivuta kidogo kila wiki mpaka vilale. Aanze vikiwa laini, kwa sababu vikishakuwa vigumu hunyofoka pale vinapoungana na shina.