Karani, Kitenzi na Kumbukumbu: Uhakiki wa Utafiti wa Karibuni kuhusu Bunyakyusa

Ikisiri

Katika miaka ya karibuni, utafiti kuhusu historia na utamaduni wa Wanyakyusa umeanza kuuliza ni nani hasa aliyezalisha maarifa yanayosomwa leo kwa jina la Godfrey na Monica Wilson. Makala haya yanahakiki mwelekeo huo. Yanakubali kwamba kumrejesha mkalimani katika historia ya taaluma ni hatua kubwa, lakini yanadai kwamba hatua hiyo haijakamilika: tafsiri imetazamwa zaidi kama uhusiano wa kijamii kuliko kama tendo la lugha. Mifano inatokana na istilahi za Kinyakyusa na visawe vyake vya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Bujonde ni kata ya uwanda wa Kyela, nchi ya mpunga na kakao, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa na wazee huko akiwasomea, kwa Kiswahili cha kutafsiri papo hapo, kurasa chache za Good Company: A Study of Nyakyusa Age-Villages (Wilson, 1951). Walisikiliza kwa adabu, wakasahihisha mambo mawili matatu, kisha mmoja wao akauliza: “Mwalimu, hayo waliyasema baba zetu, au aliyasema aliyekuwa akiwafasiria?”

Swali hilo ni la kitaalamu kuliko linavyosikika. Ndilo linaloongoza uhakiki huu.

2.0 Kutoka kwa Wilson hadi kwa Mwaisumo

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Bunyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea kuyafanyia kazi madaftari yao wote wawili kwa miongo mitatu na zaidi. Vitabu vyake vinne, vya 1951, 1957, 1959 na 1977, vimeifanya jamii hii ijulikane katika vyuo vikuu vya dunia kwa jambo moja hasa: vijiji vya rika, ambamo wavulana waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga pamoja, na kuendelea kuwa wanakijiji wamoja hadi utu uzima.

Kizazi cha pili cha watafiti kiliupunguza uhakika huo. Charsley (1969) na McKenny (1973) walihoji kama mfumo uliosimuliwa ulikuwa utendaji halisi au kanuni iliyonyooshwa mno kwenye karatasi. Wright (1971) aliiweka nyanda hiyo katika historia ya misheni za Kijerumani. Kizazi cha tatu kimepanua uwanja zaidi. Ellison (2003) amefuatilia athari za homa ya mafua ya 1918–19 kusini-magharibi mwa Tanzania, naye Marsland, aliyefanya utafiti wake Kyela, ameandika kuhusu waganga (2007) na kuhusu maisha ya watu wanaoishi na VVU (2012).

Kazi inayotuhusu zaidi hapa ni kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, Inside African Anthropology (2013). Ndani yake Marsland ana sura mbili kuhusu Bunyakyusa, na mojawapo inamhusu Leonard Mwaisumo (1910–1938), karani wa akina Wilson. Thamani ya sura hiyo haina ubishi. Mtu aliyefariki kabla ya kutimiza miaka thelathini, ambaye kwa muda mrefu alikuwa kivuli nyuma ya maandishi ya wengine, anarudishwa mezani akiwa mshiriki. Baada ya kuisoma, hakuna anayeweza tena kuandika “Wilson anasema” bila kusita kidogo.

3.0 Tafsiri kama Tendo la Lugha

Hata hivyo, uzito wa mjadala huu umewekwa zaidi katika mahusiano: nani alimwamini nani, nani alifungua mlango gani, nani aliandikwa na nani akasahauliwa. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini karani hakuwa mpatanishi wa watu tu. Alikuwa mpatanishi wa maneno. Kumtambua bila kuyachunguza maneno aliyoyavusha ni kumshukuru mvuvi bila kutazama wavu.

Tuchukue neno ukwangala, ambalo ndilo nguzo ya kitabu cha 1951. Wilson alilifasiri kama kufurahia ushirika mwema, na kutokana na tafsiri hiyo akajenga hoja kwamba kijiji cha rika kilikuwapo kwa ajili ya thamani hiyo. Ushirika mwema ni nomino, ni hali iliyokwisha kukamilika. Ukwangala ni kitenzi katika umbo lake la kutajia, jambo linalotendwa na watu walioketi pamoja. Kiswahili kina kisawe kilicho karibu zaidi, kwani katika matumizi ya zamani kidogo kuzungumza hakukuwa kusema tu. Kulikuwa pia kujiburudisha na wenzako kwa maongezi. Lau hoja ingeanza na kitenzi, swali lisingekuwa tu ni taasisi gani iliyohifadhi ushirika. Lingekuwa pia ni nani aliyeruhusiwa kuketi, kwa muda gani, na nani alikuwa akipika wakati wengine wanazungumza.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Maandishi ya Wilson yanatofautisha nguvu ya abalosi, wanaodhuru kwa husuda, na nguvu ya abamanga, walinzi wa kijiji, ambao huadhibu mkosaji kwa niaba ya umma. Nguvu hii ya pili ilihusishwa na imbepo sya bandu, pumzi ya watu. Mwanaisimu ataona mara moja undugu wa imbepo na maneno yetu upepo na pepo: shina moja, ambalo Kiswahili kimelitenga katika maana mbalimbali. Lakini mambo haya yanapofika katika baraza la kata au mahakamani, yote huitwa uchawi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, haina nafasi ya mlinzi. Hivyo lawama ya umma, iliyokuwa njia ya kumrudi mtu mwenye kiburi, na husuda ya mtu mmoja hutiwa katika kapu moja. Hapa kosa la tafsiri halibaki vitabuni. Humfuata mtu hadi kizimbani.

4.0 Njeo na Ushahidi wa Kihistoria

Chombo cha kuendeleza mjadala huu tayari kipo, ila kimewekwa katika rafu nyingine. Persohn (2017) ameandika uchambuzi wa kina wa kitenzi cha Kinyakyusa, hasa njeo, hali na dhamira, pamoja na namna njeo zinavyofanya kazi katika masimulizi. Wanahistoria hawana budi kukisoma kitabu hicho.

Sababu yake ni hii. Mgogoro kati ya Wilson na wahakiki wake ulihusu tofauti ambayo msomaji wa Kiswahili anaielewa bila kufundishwa: tofauti ya “wavulana hujenga kijiji chao” na “wavulana walijenga kijiji chao”. Sentensi ya kwanza yatoa kanuni. Ya pili yatoa ushahidi wa tukio. Kiingereza cha wanaanthropolojia wa wakati ule kilipenda njeo ya sasa, na katika njeo hiyo kanuni na tukio huvaa vazi moja. Nyaraka za akina Wilson zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Pale ambapo matini za Kinyakyusa zimesalia, inafaa kila kitenzi kihesabiwe upya: je, msemaji alikuwa akieleza desturi, akisimulia alichokiona, au akitamani yaliyopita? Kazi hiyo haitamaliza ubishi wote, lakini itauhamisha kutoka katika dhana na kuuleta kwenye ushahidi.

5.0 Lugha ya Kurudishia

Yawezekana kudai kwamba Kiswahili nacho ni lugha ya kuja Bujonde, na kwamba mfano wa uchawi hapo juu unaonyesha jinsi kinavyoweza kufuta tofauti za wenyeji. Dai hilo ni la haki. Jibu lake ni kukifanyia Kiswahili kazi, kwa kuwa ndicho kinachobeba hukumu, mahubiri na tangazo la zahanati. Felberg (1996) alionyesha njia kwa kamusi yake ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kitabu cha Persohn kinapatikana bure mtandaoni, jambo la kupongezwa. Lakini milango iliyo wazi haimsaidii asiyejua lugha ya ndani ya nyumba.

6.0 Hitimisho

Utafiti wa karibuni umetuambia jina la aliyefasiri. Umebaki wajibu wa kuonyesha alifasiri nini, kwa neno gani, na neno hilo lilipoteza nini njiani. Wajibu huo ni wa wanaisimu wa Kiswahili kuliko wa mtu mwingine yeyote, na hatuna sababu ya kuwangoja wengine. Mpaka utekelezwe, swali la mzee wa Bujonde halijajibiwa.