Kidole cha Vangelis katika Blade Runner

Chombo cha umeme hakina roho: ndiyo lawama ya siku nyingi dhidi ya sinthesaiza, na sijui jibu lake zuri kuliko muziki wa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982. Vangelis, Mgiriki asiyesoma noti, aliupiga katika studio yake ya Nemo, London, huku akitazama picha za filamu. Wengi husema huzuni ya muziki huo inatokana na ule mwangwi mrefu, kama wa ukumbi mtupu. Mwangwi unasaidia, lakini huzuni yenyewe imo katika kidole.

Kinanda chake kikuu kilikuwa Yamaha CS-80. Katika sinthesaiza nyingi za wakati ule, kitufe kilikuwa swichi tu: ukibonyeza sauti inatoka, ukiachia inakoma. CS-80 ilihisi uzito wa kila kidole peke yake, hata baada ya kitufe kushuka. Mpigaji akishikilia noti nne na kuikandamiza moja, hiyo moja inaweza kung'aa zaidi au kuanza kutetemeka, zile tatu zikabaki zilivyo. Juu ya vitufe kuna utepe. Kidole kikiteleza hapo, sauti hupanda au kushuka bila kukatika, kama mpiga fidla wa taarab anavyouvuta wimbo juu ya uzi. Isitoshe, kila noti ilijengwa kwa matabaka mawili ya sauti yanayoweza kupishanishwa kidogo, hivyo haitulii hata mkono ukitulia. Sikiliza Blade Runner Blues, karibu dakika tisa ambamo halitokei jambo kubwa. Sauti inasitasita, inapinda kabla ya kufika, inatetemeka ikielekea kuisha. Sikio linayatambua hayo kwa sababu ndivyo koo la mtu linavyofanya likizidiwa.

Atakayesema picha ndizo zinazotuhuzunisha, na muziki unapanda mgongoni mwa picha hizo, akumbuke kwamba kipande kimojawapo cha filamu, Memories of Green, kilikuwa kimekwisha kutoka mwaka 1980 katika albamu See You Later. Rachel's Song, yenye sauti ya Mary Hopkin, haisikiki ndani ya filamu kabisa. Imo katika albamu rasmi, iliyochelewa hadi 1994. Kabla ya hapo wasikilizaji waliuziwa toleo la 1982 la New American Orchestra: nyimbo zilezile, binadamu wengi zaidi, ala za kupulizwa na za nyuzi. Kwangu ni jepesi mno. Noti za karatasini hubeba wimbo, ila ile mikandamizo haikuwa na pa kuandikwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Love Theme inaongozwa na saksafoni ya Dick Morrissey, na Tears in Rain inaegemea maneno ya mwigizaji Rutger Hauer. Hapo nakubali, ndiyo maana vipande hivyo viwili, vipendwavyo sana, ni ushahidi dhaifu wa hoja hii.

Mwaka 1983 Yamaha ileile ilitoa sinthesaiza ya DX7, nyepesi na rahisi kubeba, ikauzwa sana. Mkandamizo wake ulipimwa kwa kinanda kizima kwa pamoja: ukiongeza nguvu kwenye noti moja, zote zinafuata. Anayemuiga Vangelis leo kwa programu ya kompyuta huipata rangi ya sauti upesi, kisha akazipanga noti kwa kipanya, zikiwa zimenyooka kama rula.